Tetra katika maji ya kuku, tetra katika tumbo la mtoto



Katika mikutano yetu ya mwisho, ulizo moja lilirudi kila fasi, kwa wafugaji wa kuku, kwa wale wa nguruwe, na hata kwa akina mama wanaolima mboga: juu ya nini dawa za siku hizi hazina tena nguvu? Mzee mmoja alisema kwamba zamani tetra mbili zilitosha kufunga tumbo, leo unameza kumi na bado unakimbilia choo. Wengi wanafikiri ni wafanyabiashara wanaochanganya dawa na unga wa muhogo. Hilo liko, hatukatai. Dawa za uongo zinauzwa, na dawa iliyolala juani kwenye meza ya soko inapoteza nguvu. Lakini hata dawa nzuri, iliyotoka kwenye kartoni yake, inashindwa leo mara nyingi kuliko zamani. Sababu iko ndani ya matumbo yetu na ndani ya mabanda yetu, na ni sisi wenyewe tunaikuza. Somo la mara hii ni juu ya hilo. Ni refu, kama mkutano wenu ni mfupi, mulisome kwa vipande viwili.

Kwanza tupatane juu ya dawa gani tunasemea. Ni zile za jamii ya antibiotiki: tetra, na ndugu yake ya mifugo inayoitwa oksitetrasikilini, ampi na amoksi, sipro, Bactrim, kloramfenikoli. Kazi yao ni kuua bakteria ao kuwazuia kuzaana. Haziui virusi. Haziui minyoo. Antibiotiki si dawa ya mafua, wala si vitamini ya kunenepesha kuku, hata kama mwenye kutembeza dawa anasema hivyo kwa sauti kubwa.

Bakteria ambao munawajua tayari

Neno bakteria linaogopesha, lakini mkulima anaishi nao kila siku. Ng'oa shina la maharagi yanayostawi, utazame mizizi. Vile vifundo vidogo, ambavyo ukikata kimoja unakuta ndani ni vyekundu kidogo, ni nyumba ya bakteria wanaokamata azoti ya hewa na kuipa maharagi. Muhogo mchungu unaolowa siku tatu ao ine ndani ya maji, ni bakteria wanaoulainisha na kusaidia kuondoa sumu yake. Maziwa yakigeuka mashanza, ni wao. Jibini ya Masisi, ni wao tena. Na watengenezaji wa jibini wanajua jambo ambalo wengine hawajalifikiri: maziwa ya ng'ombe aliyepigwa sindano ya antibiotiki jana hayagandi vizuri. Dawa imepita ndani ya maziwa na imeua wafanyakazi.

Ndani ya utumbo wa mtu ni vile vile. Wataalamu wanahesabu kwamba mtu mzima anabeba bakteria karibu trilioni 38, hesabu ambayo inakaribia ile ya chembe za mwili wake mwenyewe, na walio wengi wanakaa katika utumbo mnene. Wanamalizia chakula ambacho tumbo limeshindwa kusaga. Wanatengeneza vitamini K na baadhi ya vitamini za jamii ya B. Lakini kazi inayotuhusu leo ni ingine, na ni rahisi kuielewa: wanakaa. Wamejaza fasi zote, wanakula mabaki yote, wanatoa asidi ambazo wageni hawazipendi. Mikrobe ya ugonjwa ikiingia pamoja na maji machafu, inakuta shamba limejaa, haina fasi ya kuotea.

Munajua kinachotokea kwa shamba lililolimwa kisha likaachwa wazi. Haliotishi maharagi lenyewe. Linaota yale majani ambayo mbegu yake ilikuwa karibu, na mara nyingi ni yale mabaya. Antibiotiki ndani ya tumbo inafanya kazi ya jembe hilo. Haichagui sana. Inapiga mikrobe mbaya, kama iko, na inapiga pia wale wenye nyumba. Ndiyo maana kuna watu wanaanza kuhara sababu ya dawa yenyewe. Mtoto anapewa amoksi ya kikohozi, siku ya tatu anahara, mama anaogopa, anaongeza tetra juu yake. Kumbe alikuwa anazima moto kwa petroli.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1954, huko Marekani, Bohnhoff, Drake na Miller walifanya kazi na panya na Salmonela isiyouawa na streptomisini. Kwa panya wa kawaida, ilihitajika Salmonela karibu 100,000 ili nusu ya panya washikwe. Walipowapa kwanza streptomisini kwa mdomo, Salmonela chini ya 10 zilitosha. Mikrobe ni ile ile, panya ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba wenye nyumba wamefukuzwa.

Kwa wafugaji wa kuku tunao mfano mwingine, na huo tunaupenda zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Salmonela ilisumbua sana wafugaji wa kuku nchini Ufini. Esko Nurmi na mwenzake Rantala walijiuliza juu ya nini kifaranga cha mashine kinashikwa upesi hivi. Jibu lilikuwa mbele ya macho yao. Kifaranga cha mashine kinatoka katika yai bila kuona mama; tumbo lake ni tupu. Kile cha kienyeji kinadonoa fasi mama yake anadonoa na kunya, na katika siku chache tumbo lake limejaa bakteria wa kuku mkubwa. Basi walichukua vitu vya ndani ya utumbo wa kuku wakubwa wenye afya, wakawapa vifaranga wachanga. Wengi wa vifaranga hao hawakushikwa na Salmonela waliyopewa nyuma yake. Walitangaza matokeo hayo mwaka 1973, na kutoka hapo dawa za namna hiyo, zilizotengenezwa na bakteria wazuri, zilianza kutumiwa katika inchi mbalimbali. (Tusisikie kesho kwamba mtu amelishia vifaranga vyake mavi ya kuku wa jirani. Wale wa Ufini walijua kuku wao hawana ugonjwa, sisi hatujui.)

Sasa tufikiri. Koperative inachanga pesa, inanunua vifaranga wa siku moja kwa bei kali, na kitu cha kwanza kinachowekwa katika maji yao ni tetra, "juu ya kuzuia". Tunapiga jembe katika shamba ambalo bado halijaota kitu, kisha tunashangaa kwamba vifaranga vinahara wiki inayofuata.

Namna mikrobe inavyoshinda dawa

Katika kundi kubwa la bakteria, kila mara wanakuwako wachache ambao dawa haiwawezi. Ukileta dawa, wale dhaifu wanakufa na wale sugu wanarithi shamba lote. Na wanazaana upesi: bakteria anayeitwa E. coli, akipata joto na chakula cha kutosha, anagawanyika mara mbili kila dakika 20. Ukiacha dawa katikati kwa sababu tumbo limetulia kidogo, ao ukitoa kidogo kidogo kila siku ndani ya maji ya kunywa, unachagua mbegu kama vile mkulima anavyochagua mahindi ya kupanda, lakini hapa unachagua mbegu mbaya.

Kuna ubaya mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wataalamu wa Japani waliokuwa wanachunguza mikrobe ya kuhara damu waligundua kwamba bakteria wanapeana usugu. Mmoja anampitishia jirani kipande kidogo chenye siri ya kushinda dawa, sawa vile mtu anavyompa jirani yake kipando cha muhogo juu ya ua, na jirani huyo anaweza kuwa wa jamii ingine kabisa ya bakteria. Bakteria asiye na ubaya, anayekaa kimya ndani ya tumbo la kuku, anaweza kumpa siri hiyo yule anayeua mtoto. Tena kipande kimoja kinaweza kubeba usugu wa dawa tatu ao ine pamoja. Ndiyo sababu unaweza kutumia tetra tu miaka yote, na siku moja ukakuta ampi nayo haisikilizwi, wakati hujawahi kuinunua.

Je, mambo hayo yanatoka kweli bandani mpaka nyumbani? Stuart Levy, daktari wa Boston, alitaka kujua hilo. Pamoja na wenzake alipata jamaa moja ya wakulima katika jimbo lake la Massachusetts, na vifaranga vyao wakapewa chakula chenye oksitetrasikilini, kwa kile kiasi kidogo kilichokuwa kinatumiwa kukuza kuku. Ndani ya wiki moja, karibu bakteria wote wa matumbo ya kuku hao walikuwa sugu kwa tetra. Hilo halikumshangaza mtu. Lakini ilipofika miezi 5 mpaka 6, watu wa shamba hilo wenyewe walikuwa wamebadilika. Katika choo chao kilichopimwa kila wiki, mara 31 kwa mia walikuta kwamba zaidi ya 80 kwa mia ya bakteria ni sugu. Kwa majirani wasiofuga kuku hao, ilikuwa mara 7 tu kwa mia. Watu wa shamba hawakuwa wamemeza tetra. Ni kuku waliokuwa wanameza. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 1976. Iko pia habari nzuri ndani yake: chakula chenye dawa kilipoondolewa, miezi sita nyuma yake wengi wa watu hao hawakuwa tena na bakteria hao, ao walibaki nao kidogo sana.

Kule Massachusetts kuku walikuwa na banda lao. Kwetu kuku wanalala jikoni, dende wanatembea chini ya kitanda, na mtoto anayetambaa anaokota kila kitu kilicho chini na kukiweka mdomoni. Hatusemi hivyo ili kumwonea mtu; nyumba ni moja na wezi wa usiku ni wengi. Lakini kila mtu apime mwenyewe ni siku ngapi usugu ungehitaji kupita kutoka kuku mpaka mtoto.

Tulipita hapa mbele

Wazee wa Kivu hawahitaji mifano ya mbali. Kuanzia mwaka 1979, ugonjwa mkali wa kuhara damu, wa mikrobe inayoitwa Shigella dysenteriae aina ya 1, ulianza mashariki mwa inchi yetu, wakati huo Zaire, na ukaenea mpaka Rwanda, Burundi na mbele zaidi. Ulipopita, dawa zilianguka moja moja: tetra, ampi, kloramfenikoli, Bactrim, na mwisho asidi nalidiksiki, ambayo waganga walikuwa wameiweka kama dawa ya akiba.

Mwezi wa saba 1994, wakimbizi wa Rwanda kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Goma na pembeni yake katika siku chache tu. Mawe ya volkano hayachimbiki vyoo, maji yalikuwa ya ziwa. Kipindupindu kilianza, kisha kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Wataalamu walipopima mikrobe, walikuta kipindupindu kile hakisikii tetra wala ndugu yake doksisikilini, na mikrobe ya kuhara damu haisikii ampi, kloramfenikoli, Bactrim, tetra, wala asidi nalidiksiki. Kilichookoa watu ni maji safi, chumvi na sukari ndani ya maji, na serumu kwa wale waliokuwa hoi. Kwa kipindupindu ni hivyo mpaka leo: maji ya kumrudishia mgonjwa ndiyo dawa ya kwanza, na antibiotiki, pale muganga anapoiona lazima, ni msaada juu yake.

Uvira, Kalemie, Goma na kandokando ya maziwa yetu, kipindupindu kinarudi karibu kila mwaka. Na tifo nayo: wachunguzi wamekwisha kukuta katika mikoa mbalimbali ya Kongo mikrobe ya tifo isiyosikia dawa za zamani, na ingine inayoanza kuzoea sipro. Sipro ikianguka, dawa zinazobaki ni chache, na zingine ni za sindano, za bei kali, na zinapatikana mbali na kijiji.

Katika banda

Tuanze na kile kinachokula pesa nyingi bure. Magonjwa mawili yanayomaliza mifugo yetu ni ya virusi, na hakuna antibiotiki inayoyaweza.

La kwanza ni Newcastle, ambalo wengine huita mdondo. Kuku wanasinzia, wanahara kijani, shingo inapinda, banda zima linaisha katika siku chache. Tumeona watu wakifungua tetra za watu, zile za rangi mbili, kapsuli kwa kapsuli, ndani ya maji ya kuku waliokwisha kupinda shingo. Kuku walikufa na tetra zao. Kinachosaidia ni chanjo mbele ya ugonjwa, tone moja katika jicho, na kuirudilia kila miezi tatu ao ine. Chupa moja inatosha kuku mia ao zaidi, na ikisha kuchanganywa haihifadhiwi mpaka kesho. Kwa hiyo mtu mwenye kuku kumi peke yake hawezi, lakini nyumba kumi na tano za koperative zinaweza, zikipatana siku moja asubuhi mapema, mbele ya kuku kutoka nje. Hapa ndipo koperative ina maana kuliko katika hotuba zote.

La pili ni homa ya nguruwe ya Afrika. Joto kali, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu ao vya buluu, nguruwe wanakufa mmoja nyuma ya mwingine. Hakuna dawa ya kuiponyesha. Anayekuuzia sindano ya oksitetrasikilini kwa ajili yake anakunyanganya mara mbili. Funga banda, mtu asitoke kwako na kuingia kwa jirani na viatu vile vile, usilishe nguruwe mabaki ya nyama yasiyochemshwa, na usimuuze mgonjwa upesi upesi ili kuokoa franka chache. Tunajua neno hilo la mwisho ni gumu. Nguruwe mmoja ni karo ya mtoto. Lakini nyama hiyo ikifika katika soko, ndiyo inayobeba ugonjwa mpaka kwa memba wengine.

Tuongeze kifaranga kinachonya damu. Mara nyingi ni koksidi, kidudu ambacho si bakteria wala virusi, na tetra haikiui. Kina dawa yake mwenyewe kwa veterineri, lakini hata hiyo haitasaidia ikiwa nyasi za chini zimelowa. Badilisha nyasi, inua chombo cha maji ili wasimwage.

Hatusemi antibiotiki zisitumiwe katika mifugo. Ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba, mbuzi mwenye kidonda kilichooza, kuku wenye ugonjwa wa bakteria ambao veterineri ameutambua, wanazihitaji, na kuwanyima ni ukatili na ni hasara. Lakini basi itolewe kwa kipimo cha uzito wa mnyama, kwa siku zote zilizoandikwa, kwa wale wagonjwa tu. Kisha ziheshimiwe siku za kungojea ambazo zimeandikwa juu ya etiketi: siku ambamo maziwa hayanywiwi, mayai hayauzwi, mnyama hachinjwi. Siku hizo si sawa kwa dawa zote. Etiketi ikiwa katika luga usiyoisoma, ulize mbele ya kulipa. Na dawa isiyo na etiketi, ile inayopimwa kwa kijiko kutoka ndani ya kopo, usiinunue, hata kama ni rahisi.

Katika nyumba

Sisi ni watu wa kilimo, hatuchukui fasi ya muganga. Lakini tuko tunasikia, kwenye meza za dawa sokoni, maneno yale yale kila wiki: "Mutoto anaharisha, unipe tetra ine na Flagyl ine." Muuzaji anahesabu, anafunga ndani ya karatasi ya daftari, imeisha. Hakuna aliyeuliza mtoto ana miaka mingapi, wala kama kuna damu.

Kwa watoto wadogo, kuhara kwa maji kunaletwa mara nyingi na virusi, na kunapita kwenyewe katika siku chache. Kinachoua si mikrobe yenyewe, ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini. Kwa hiyo paketi ya SRO ndiyo dawa. Ikikosekana, chukua litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, weka ndani vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa bila kurundika. Onja: yasiwe na chumvi kupita machozi. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo mpaka nusu ya kikombe kila mara anapohara. Aliye mkubwa, nusu mpaka kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena kwa kijiko. Yaliyobaki nyuma ya saa 24, mwaga. Mama asiache kunyonyesha, na chakula kiendelee. Ile desturi ya kufunga mtoto chakula ili "tumbo lipumzike" inamdhoofisha tu. Ulize pia zinki katika kituo cha afya: miligramu 20 kila siku, ao 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 mpaka 14, hata ikiwa kuhara kumekwisha.

Usingoje nyumbani kama kuna damu katika choo, kama choo ni maji meupe kama ya mchele, kama macho yameingia ndani, kama mtoto anatapika kila kitu, ana joto kali, hawezi kunywa ao analala bila kuamka vizuri, ao kama bado hajafikisha miezi 2. Hapo nenda kwenye kituo cha afya, na njiani uendelee kumpa maji ya SRO. Muganga akiandika antibiotiki, mpe kama alivyoandika, siku zote, na usigawe nusu kwa mdogo wake. Tena mwambie muganga ukweli juu ya kile ulichokwisha kumpa nyumbani. Wengi wanaficha kwa haya, na muganga anapoteza siku mbili kwa dawa ambayo mikrobe imeizoea.

Samadi na maji

Sehemu kubwa ya tetra ambayo mnyama anapewa inatoka katika mkojo na mavi ikiwa bado ni dawa. Inatoka pamoja na bakteria walioizoea. Samadi hiyo mbichi tukiitupa juu ya shu, nyanya na vitunguu vinavyoliwa bila kupikwa, tumefunga duara.

Fanya lundo: samadi, majani makavu, majani mabichi, kimo kinachofika kiunoni, maji kidogo, funika na migomba. Ingiza fimbo katikati. Siku chache nyuma yake, ivute na ushike ncha yake: ikiwa ni moto mpaka unaiachilia, lundo linafanya kazi. Ligeuze likipoa, ili kilichokuwa nje kiingie ndani, na urudilie hivyo kwa miezi miwili ao mitatu. Joto hilo linapunguza sana mikrobe na dawa, hata kama halimalizi yote. Kama huna njia ila samadi mbichi, iweke katika shamba la mahindi ao la migomba, ao uifukie miezi ine mbele ya kuvuna mboga za kula mbichi. Na lundo likae chini ya kisima, mbali nacho, hata ikiomba kubeba samadi hatua mia zaidi. Tunajua nani anayeibeba. Basi wanaume nao washike kitunga.

Kwa mkutano ujao

Kila memba alete kile alicho nacho nyumbani: paketi, chupa tupu, kapsuli zilizobaki, za watu na za mifugo pamoja, bila haya na bila kutozwa faini. Muviweke juu ya meza. Katibu aandike majina katika safu tatu: zile ambazo mtu fulani anajua zinaponyesha nini, zile ambazo hakuna anayejua, na zile ambazo tarehe yake imepita. Mualike veterineri wa sekta na muganga wa kituo cha afya waje siku moja, kwa sababu hawa wawili mara chache wanakaa pamoja. Hizo za safu ya tatu musizitupe chooni wala mtoni, muganga atazipeleka.

Kisha muhesabu pamoja. Katika miezi sita iliyopita, kila nyumba ilitumia franka ngapi kwa tetra ya kuku? Chanjo ya Newcastle kwa kuku wote wa koperative ingekuwa bei gani? Muweke hesabu mbili kando kando ubaoni, na mutuletee matokeo. Tutayaandika katika toleo linalofuata, pamoja na kalenda ya chanjo ya vikundi vitakavyokuwa vimekwisha kupatana siku.